Mji wa Watu Thelathini na Mmoja

Nimekuwa fundi bomba kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kuingia nyumba ya mtu nikatoka bila kuuliza swali moja: mkifungua mabomba yote kwa pamoja, nani anakosa maji? Watu hupenda kunionyesha bomba moja linavyofoka, wamesimama kando wakitabasamu kana kwamba nimekuja kuwapiga picha. Bomba moja halinishughulishi. Nataka mmoja awe jikoni, mwingine bafuni, na wa tatu awe nje anaosha gari. Hapo ndipo utajua kama nyumba ina maji au ina maneno.

Kwa hiyo Jumapili moja asubuhi, tukiwa mezani na chai, mwanangu aliponiuliza, "Mama, unajuaje watu wangapi wanaweza kutumia kitu kimoja bila kukwama?" nilijiona nimeulizwa swali la kazini kwangu. Kichwa kikanivimba kidogo. Nilipaswa kuuliza kwanza kitu chenyewe ni kipi.

Aliuliza kwa mikono. Mwanangu ni kiziwi tangu akiwa na mwaka mmoja. Sasa ana miaka ishirini, na mikono yake inakwenda mbio kuliko mdomo wa mdogo wangu, jambo ambalo si dogo. Mimi lugha ya alama nilijifunza ukubwani, kwa kuungaunga, na yeye husema mikono yangu ina lafudhi ya spana. Hapa nitayaandika maneno yetu kama watu wowote wanavyozungumza, ila mjue kwamba kila nilipofungua mikono alinisimamisha kunisahihisha kidole.

Kitu chenyewe kilikuwa mji. Kuna mchezo wa kompyuta wa kujenga: unachimba, unapanga matofali, unalima, unafuga, na wenzako wanaingia humo humo kutoka makwao mkajenga pamoja. Kompyuta inayoubeba mchezo ili wengine waingie inaitwa seva, na seva ya mji huu ilikuwa stoo kwetu, ile kompyuta kuukuu iliyokaa kati ya ngazi yangu na maboksi ya viungio vya mabomba. Miezi yote hiyo mimi niliiita kile kitu kinachovuma. Kwa kuwa mji uko kwetu, wenzake walimpa mwanangu jina la Meya, na limemkaa hata mimi nikimwita hivyo sioni ajabu.

"Unataka waingie wangapi?" nikamuuliza.

"Thelathini na mmoja. Darasa letu lote, na mimi nikiwemo."

Darasa hilo nalijua. Waliingia shule ya viziwi wakiwa wadogo hata kufunga viatu hawajui, wakalala bweni moja, wakakua pamoja, wakachapana na kupatana kwa miaka kumi na miwili. Walipomaliza, kila mmoja akarudi kwao, na kwa wengi wao huko kwao hakuna hata mtu mmoja anayejua alama. Yupo anayefanya kazi gereji, anaonyeshwa kwa kidole tu: leta, peleka, shika. Yupo anayekaa na shangazi yake, na shangazi humwandikia kwenye karatasi mara mbili kwa siku, asubuhi na wakati wa kulala. Kwenye mji ule wa skrini ndiko wanakoandikiana, wanakotaniana, wanakogombania viwanja. Hawana mahali pengine pa kukaa wote.

Mwaka uliopita walijaribu kukutana. Mpaka watu kumi na mmoja mambo yalikuwa shwari. Wa kumi na mbili alipoingia, mji ukaganda: watu wakawa wanatembea hatua moja kwa dakika, milango ikagoma kufunguka, kisha wote wakatupwa nje. Wakarudi, ukaganda tena. Wakamwomba yule wa kumi na mbili asubiri kidogo. Huyo alikuwa binti ambaye jina lake kwa alama ni uzi unaopita kwenye tundu la sindano, kwa hiyo tumwite Sindano. Sasa ni fundi cherehani. Alisubiri saa nzima mlangoni. Mwishowe akamwandikia Meya neno moja kwenye simu: Nimezoea.

"Nimezoea," Meya akarudia, na mikono yake ikabaki hewani. "Mama, kwao anafungiwa mazungumzo kila siku, halafu na mimi nikamfungia. Sitamwalika mtu tena mpaka niijue idadi. Kama ni ishirini, basi niambiwe ni ishirini. Lakini hao kumi na mmoja wa kuwaacha, nitawachaguaje?"

Niliona anakaribia kulia. Mimi mwanangu akikaribia kulia huwa napandwa na hasira, sijui kwa nini, na huwa natafuta kitu cha kukigonga. Nikagonga meza, chai ikamwagika.

"Nani amekwambia ishirini? Tutapima. Lini mnakutana?"

"Jumamosi hii, ndiyo tarehe tuliyomaliza shule. Lakini mialiko lazima iende kufikia Alhamisi. Wengine wanaomba ruhusa kazini."

Tulianza siku hiyo hiyo. Tulijibana stoo, yeye kwenye kigoda, mimi juu ya boksi, na akanieleza kwamba mambo ya kuangalia ni matatu. Kwanza ni intaneti, ambamo kila kitu kinapita. Pili ni kumbukumbu ya kompyuta, inayoshikilia mji. Tatu ni prosesa, inayofanya kazi yenyewe. Nikamwambia hayo nayajua kabla hajazaliwa: bomba, tangi na pampu. Akacheka, lakini hakunikatalia.

Basi nikajitia ujuaji. Karatasi ya kampuni ya intaneti ilikuwa kwenye droo, imeandikwa kubwa kwamba nyumba yetu inapata megabiti arobaini kwa sekunde. Meya alikuwa ameshapima: mchezaji mmoja anatumia kama sehemu moja ya kumi ya megabiti. Hesabu gani hiyo ya kumshinda mtu? Nikachukua penseli ya kazini, nikagawanya kwenye ubavu wa boksi, nikatoka mbio mpaka sebuleni.

"Watu mia nne!" nikamtangazia mdogo wangu, ambaye tunaishi naye.

"Mia nne?" akasema bila kuondoa macho kwenye simu. "Dada, hao watakaa wapi?"

Meya alikuwa amenifuata, nikamtangazia na yeye kwa mikono. Aliposoma mikono yangu alinitazama kwa ile huruma ambayo vijana huwawekea wazazi wao.

"Mama, arobaini ni yanayoingia. Mji unatoa. Kila mtu akiinua mguu, seva inabidi iwaambie wengine wote. Angalia chini hapa, kwa maandishi madogo. Yanayotoka ni tano."

"Haiwezekani."

Na kweli kwangu haikuwezekana. Katika nyumba yoyote aliyojenga mtu mwenye akili timamu, bomba la kutoa ni nene kuliko la kuingiza. La kuingiza ni kama kidole gumba. La kutoa, mkono unapita. Ukifanya kinyume, utaogelea sebuleni. Sikuwahi kufikiria kwamba kuna fundi duniani aliyekaa akapanga vinginevyo, na nilipandwa na hasira kwa niaba ya kazi yangu. Nikampigia simu fundi wa intaneti siku ya pili yake.

"Mama yangu, watu majumbani wanapokea tu," akaniambia kwa upole. "Wanatazama filamu, wanasoma habari. Hawatumi kitu."

"Sisi hapa tunatuma."

"Basi nyinyi mko wachache."

Nikakata simu. Kutoka mia nne tukashuka hadi hamsini, na hata hiyo hamsini ilikuwa na mdudu. Meya alinionyesha mstari kwenye skrini unaoonyesha kinachotoka nyumbani. Mchezo haukuwa na mtu, lakini mstari ulikuwa umepanda hadi mbili na ukakaa hapo. Tukatazamana. Tukachungulia sebuleni. Mdogo wangu alikuwa amejilaza kochini akizungumza na rafiki yake kwa video, simu ameiegemeza kwenye mto, anamwonyesha viatu.

Tano toa mbili ni tatu, na tatu ni watu thelathini. Tungepungukiwa mtu mmoja kwa sababu ya viatu.

"Jumamosi, kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili, simu yako itakaa kabatini," nikamwambia.

"Kumbe ni mimi ninayeziba mtaro?" Alibetua midomo, akamtazama Meya, akaona uso wake. Mdogo wangu ana mdomo mrefu lakini moyo hauna kona. "Haya. Kabatini. Na mkitaka na mimi mnifungie humo humo."

Upande wa tangi hatukusumbuka. Kumbukumbu ilitosha watu arobaini na chenji ikabaki. Bomba hamsini, tangi arobaini. Sasa mbona mwaka jana walikwama kwa watu kumi na wawili? Hapo ndipo nilipoanza kukosa raha, ile kukosa raha tamu inayonifanya nisahau kula. Ilibaki pampu.

Meya akanieleza kwamba mchezo una moyo, na moyo huo hupiga mara ishirini kwa sekunde. Ukiigawa sekunde moja vipande elfu, kila mpigo unapewa vipande hamsini vya kumaliza kazi zote: nani amehama, mvua inanyesha wapi, mahindi yameota kiasi gani. Kazi ikizidi hamsini, moyo unachelewa, na mji unaganda. Akanionyesha namba kwenye kona ya skrini. Ilisoma thelathini na sita.

"Humo ndani sasa hivi yuko nani?" nikauliza.

"Hakuna mtu."

"Hakuna mtu, na kati ya hamsini imeshatumia thelathini na sita?"

"Iko hivyo siku zote. Ni kompyuta kuukuu, Mama."

Nikiitwa nyumba ambayo maji yanapotea, sigusi ukuta wala sishiki nyundo. Nafunga kila bomba, natoka nje, nachuchumaa mbele ya mita. Kama mita imetulia, wenye nyumba ni wabadhirifu tu. Kama inaendelea kuzunguka, kuna mahali maji yanatoka na hakuna anayeyaona.

"Siyo ukuukuu," nikamwambia. "Mita yako inazunguka mabomba yamefungwa. Mji wako unavuja."

Jumatatu na Jumanne nikitoka kazini nilikuwa napitiliza stoo hata kunawa sijanawa. Meya alikagua kila jengo. Akazima taa za barabarani, namba haikuteremka. Akasimamisha treni waliyoijenga yeye na yule wa gereji. Ikateremka kidogo mno, tukaiwasha tena. Akahesabu mifugo ya shambani: ng'ombe wanane, kondoo sita, kuku kumi na wawili. Alitaka kukata tamaa, na mimi nikawa mkali.

Jumatano mchana nilikuwa kwenye kazi ya watu, nimepiga magoti chini ya ngazi, nikisikiliza ukuta kwa fimbo yangu ya chuma. Ncha moja naigusisha kwenye bomba, nyingine naiweka kwenye mfupa nyuma ya sikio. Maji yanayovuja yanasema, hata kama yako futi mbili ndani ya zege. Ghafla nikaacha kusikiliza ukuta wa watu. Nilikuwa nimejiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza Jumapili.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Meya stoo. "Huo mchezo una sauti?"

Akainua mabega. "Wanasema inayo. Sisi wote tumeizima tangu mwanzo. Ya nini?"

"Niweke ndani."

Aliupakia mchezo kwenye simu yangu, akanichagulia mtu mfupi mwenye shati jekundu, akasema tunafanana. Ndani ya dakika moja nilikuwa nimetumbukia kisimani. Akanitoa. Kisha nikatembea kwenye mji wa mwanangu kwa mara ya kwanza, na naona aibu kusema ilikuwa mara ya kwanza. Mitaa ilikuwa na majina ya utani ya walimu wao. Kulikuwa na maktaba, na uwanja wa mpira wenye mstari uliopinda, na nyumba iliyopakwa rangi ya waridi yote pamoja na paa. Kati ya nyumba mbili kulikuwa na kiwanja kitupu kilichozungushiwa uzio mzuri, na kibao: Hiki ni cha Sindano, kisiguswe.

Nikasogea kuelekea ukumbi wa mji, pale kila mtu anapotokea akiingia mchezoni. Hapo nikasikia. Mwanzoni nilidhani simu imeharibika. Nikaipeleka sikioni.

"Hapa kuna kuku," nikasema.

"Kuku wako shambani, Mama. Kumi na wawili."

"Meya, mimi ninasikia. Hawa siyo kumi na wawili. Hili ni soko zima la kuku, na liko chini ya miguu yangu."

Alinitazama kama anayepima kama nina homa. Kisha akachukua sururu yake ya mchezo akapasua sakafu ya ukumbi. Tofali la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilipotoka, shimo likawa jeupe. Walikuwa wamejazana ukuta hadi ukuta, wamepandana, mabawa yanapigapiga, macho tu na midomo.

Yule wa gereji ndiye aliyewaweka. Mji ulipoanzishwa hawakuwa na chakula, akabuni kijimashine: kuku wachache wanataga, mashine inarusha yai, yai linatoa kifaranga, kifaranga anakuwa kuku, naye anataga. Baadaye wakajenga ukumbi juu yake, wakasahau. Mashine haikusahau. Kwa kuwa pale ndipo penye lango la mji, kompyuta ilikuwa ikiwahudumia kuku hao usiku na mchana, hata watu wote wakiwa wamelala makwao. Meya akaiuliza seva idadi yao. Elfu moja mia nne na sita.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kwenye kigoda akakaa chini, kati ya viungio vyangu. "Mji mzima wa viziwi!" akasema kwa mikono inayotetemeka. "Nani angewasikia?"

Nilibana midomo kwanza, sikujua kama kicheko hicho kinanihusu. Akanipiga kofi gotini, kama anayesema cheka na wewe, nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Mdogo wangu alikuja kuchungulia akatuacha.

Kisha Meya akajiinua, akarudi kwenye kigoda. "Mama, kumbe haikuwa intaneti. Mwaka mzima nimelaumu intaneti. Sindano aliachwa nje, na kuku walikuwa ndani."

Aliandika amri moja. Simu yangu ikawa kimya. Namba ya kwenye kona ikaporomoka kutoka thelathini na sita, ikapita ishirini, ikapita kumi, ikasimama kwenye nane. Nilimwomba amwache kuku mmoja awe shahidi, akamwacha, akamwita kwa jina langu.

Sasa tukaanza kupima kama watu wazima. Meya akawaita wenzake watano waingie na wakimbiekimbie, wachimbe, wapande farasi. Namba ikapanda kutoka nane hadi kumi na nne. Watu watano wameongeza sita, kwa hiyo mmoja anaongeza moja na sehemu mbili za kumi. Hamsini toa nane, arobaini na mbili; gawanya kwa moja na mbili za kumi. Nilifanya kwenye boksi, Meya akafanya kwenye simu.

"Thelathini na watano!" akasema, na alikuwa ameshaanza kuruka.

"Ngoja. Huwezi kumkabidhi mtu tangi lililojaa mpaka mdomoni. Akitokea mgeni mmoja akaoga muda mrefu, umeumbuka. Mimi huacha sehemu moja ya kumi, kazi zangu zote."

Akanuna, lakini akatoa. Thelathini na moja na nusu. Nusu mtu hatumwaliki. Tukabaki tumeitazama ile namba. Nilirudia hesabu mara tatu, nikaibinya penseli mpaka ncha ikavunjika, na kila mara ilikuja ile ile: watu thelathini na mmoja. Nimefunga mifumo ya maji kwenye majengo ya ghorofa, lakini sijawahi kufurahia jibu kama lile.

Meya akaweka idadi hiyo mlangoni, ili wa thelathini na mbili aambiwe mji umejaa badala ya kuja kuangusha wote. Mialiko ikaenda. Kufikia Ijumaa, wenzake ishirini na tisa walikuwa wamejibu. Sindano alikuwa ameusoma ujumbe, hakujibu kitu.

Jumamosi saa tisa na nusu nilimvua mdogo wangu simu, nikaifungia kabatini. Nilitoa spika sebuleni nikaichomeka kwenye kompyuta ya Meya, endapo kutatokea kingine cha kusikilizwa. Na mimi nikaingia na simu yangu, nikamsimamisha yule mfupi wangu mwenye shati jekundu pale ukumbini, kulinda. Hakuna aliyenituma. Mafundi tuko hivyo, tukimaliza kazi tunapenda kubaki tukiangalia inavyotumika.

Saa kumi wakaanza kuingia. Watano, wanane, kumi na mmoja. Meya akanishika kifundo cha mkono. Kumi na wawili. Mji haukutikisika. Kumi na tatu, kumi na saba. Skrini ikajaa maandishi, wanaulizana habari wote kwa wakati mmoja, wanachekana kwa nywele na kazi. Ishirini na nne. Saa kumi na dakika ishirini idadi ikafika thelathini na moja, na namba ya kwenye kona ikasoma arobaini na tano, pale pale tulipoitegemea. Meya aliinua mikono yote miwili akaitikisa hewani, ndivyo wanavyopiga makofi wao, na mimi nikaitikisa yangu.

Kisha akaanza kupitia majina. Nikaona uso wake unabadilika.

"Sindano hayumo."

"Lakini wametimia."

Hapo hapo kwenye dirisha la seva ukatokea mstari mmoja: mtu amebisha, amekataliwa, mji umejaa. Mbele yake palikuwa na jina la Sindano.

Wenzake ishirini na tisa, na Meya, thelathini. Mimi niliyehesabu kila bomba, na maandishi madogo, na simu ya mdogo wangu, na kuku elfu moja mia nne na sita, nilikuwa nimesahau kujihesabu mwenyewe. Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati langu jekundu, nimeziba nafasi ya mtu.

Nikatafuta pa kutokea. Vidole vyangu vimezoea spana. Nikabonyeza huku, mfupi wangu akaruka. Nikabonyeza kule, akajenga ukuta. "Ongeza idadi iwe thelathini na mbili!" nikamwambia.

"Mpaka nizime seva niiwashe upya. Wote watatupwa nje!" Akanisukuma mkono, akaandika amri kwa haraka, na kwenye simu yangu yakatokea maneno: Umefukuzwa mjini. Amri ya Meya.

Sijawahi kufukuzwa mahali nikashukuru hivyo. Idadi ikasoma thelathini. Lakini Sindano alikuwa ameshabisha mara moja, na amezoea. Meya akachukua simu yake akamwandikia: Bisha tena, nafasi ni yako. Tukaona ameusoma. Tukangoja. Kule mjini wenzao walikuwa wakishindana farasi, hawajui kitu. Mdogo wangu akachungulia mlangoni, "Imekuwaje? Naweza kuwasha simu?" nikamkata jicho, akaelewa, akaja akasimama nyuma yetu. Nilitamani kugonga kitu. Hakikuwepo cha kugonga.

Thelathini na moja.

Alitokea pale ukumbini, kijitu chembamba cha nguo za njano. Namba ya kwenye kona ilisoma arobaini na tano. Alisimama bila kusogea kwa muda, kama mtu asiyeamini sakafu. Kisha akashuka barabara ya walimu, taratibu, akapita nyumba ya waridi, akafika kwenye kiwanja chake. Akasoma kibao. Akalifungua geti la uzio, likafunguka. Akalifunga. Akalifungua tena, akalifunga tena.

Farasi walisimama. Wote walikuwa wamemwona. Wakaja wakamzunguka, na kwa kuwa vijitu vile haviwezi kutikisa mikono hewani, wakaanza kuruka. Wote pamoja, Meya akiwemo, juu chini, juu chini, na yeye ndani ya uzio wake akawa anaruka vilevile. Kwenye spika kukawa na kishindo cha miguu kilichojaza stoo nzima.

Meya aliniona nimegeuza uso kwenye spika. "Kuna nini? Kuku?"

"Hapana. Ni nyinyi. Mnatoa sauti."

"Ikoje?"

Nilifungua mikono, na haikuwa na alama hiyo. Nikamgeuza, nikaweka vidole vyangu kumi mgongoni mwake, nikampigia, haraka haraka, vidole vikipishana na vikikosana kama miguu yao ilivyokuwa ikikosana. Alifumba macho, na machozi yakamtoka, na yangu pia. Baada ya muda akainua mkono mmoja kunisahihisha, kama kawaida yake.

"Ongeza, Mama. Tuko thelathini na mmoja."

Nikamwambia mdogo wangu asogee, alete na vidole vyake.